Iacheni Meli Ilale Kisiwani

Kwa wakuu wa kampuni za meli za kitalii, na kwa mamlaka za bandari na utalii za visiwa vinavyozipokea meli hizo.

Waheshimiwa,

Nimesafiri kwa meli ya starehe, siku saba na visiwa vinne vya bahari ya joto. Nilidunduliza miaka mitatu ili niipate tiketi ile, na sijuti hata kidogo. Nalitanguliza hilo ili msije mkaipokea barua hii kama ya mtu mwenye kinyongo na meli. Asubuhi zake nilizipenda mno. Kuna saa moja, kabla jua halijapanda, meli inapunguza mwendo na ule mtetemo wa mashine uliouzoea mwilini tangu usiku unalegea. Unatoka kwenye kibaraza cha kabini, unakikuta kisiwa kimeshafika: mlima mweusi tu, halafu rangi ya kijani inajitokeza bonde kwa bonde, halafu mstari mweupe pale mawimbi yanapovunjikia kwenye matumbawe, na mwisho mapaa ya nyumba na moshi wa mtu aliyeamka mapema. Harufu ya udongo uliolowa inakufikia kabla hujamwona binadamu yeyote. Ndege haikupi hayo. Kwangu mimi kisiwa kinafaa kufikiwa hivyo, polepole na kutoka baharini.

Ninalolalamikia ni kinachofuata.

Katika kila kisiwa meli yetu iligusa gati saa 2 asubuhi. Maofisa wa bandari hupanda kwanza, karatasi zikaguliwe, ruhusa itolewe, kisha foleni ya lifti, foleni ya ngazi, kadi ilie kwenye mashine, na ukijitahidi sana unakanyaga ardhi saa 3 na kitu. Chini ya ngazi kuna bango: abiria wote wawe ndani saa 10 na nusu. Saa 11 kamba zinafunguliwa. Toa muda wa kwenda na kurudi, toa na ule unaoliwa na wasiwasi wa kuachwa, unabakiwa na saa tano hivi. Ndizo nilizopewa kwa kisiwa kizima chenye mito, vijiji, msitu na watu wake.

Kisiwa cha tatu ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Niliikwepa barabara ya maduka nikafuata ufuo, na baada ya mwendo wa nusu saa nikalikuta banda la mzee mmoja muunda mashua. Mashua ilikuwa imekamilika, imebaki kalafati ya upande mmoja. Alikuwa akisukumiza nyuzi za pamba kwenye nyufa za mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti, bila haraka, shibiri kwa shibiri. Hakunikaribisha kwa maneno mengi, alinisogezea gogo tu. Nikakaa. Baada ya muda akanifundisha kusikiliza: pamba ikiwa bado legevu, nyundo inalia sauti nzito, ya tumbo, ikishakaza, inalia kavu na ya juu. Alipiga mara moja hapa, mara moja pale, akanitazama kuona kama nimesikia tofauti. Nilikuwa nimesikia. Alifurahi kuliko nilivyotarajia.

Akasema maji yanajaa magharibi, na jamaa zake watakuja kusaidia kuishusha. "Usiondoke, mwanangu. Tunaishusha leo."

Saa yangu ilisema saa 9 na dakika 20. Nikamwambia, mzee wangu, jioni nitakuwa nimeshaondoka na meli.

"Naam," akasema, macho yako kwenye kazi. "Watu wa meli hawajawahi kuiona jioni ya hapa."

Nilirudi mbio. Magharibi nilisimama staha ya nyuma, maji yamejaa kama alivyosema, na ufuo ule ukizidi kuwa mdogo. Nilikuwa na glasi mkononi na bendi inapiga nyuma yangu, na nilijua kwamba jambo kubwa kuliko yote ya safari yangu linafanyika pale ufuoni wakati uleule, nami nimelikosa kwa sababu ya ratiba.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni moja, na yote nitakayoyasema chini yanatoka humo. Punguzeni visiwa, ongezeni muda. Meli inayouzwa kwa jina la visiwa ilale kisiwani, angalau usiku mmoja katika kila kituo, na ikiwezekana miwili.

Naelewa kwa nini ratiba iko hivyo ilivyo. Kasino na maduka yasiyotozwa ushuru kwa kawaida hufungwa meli ikiwa bandarini, yakafunguliwa ikishatoka. Baa, masaji, picha na michezo huuza zaidi abiria wakiwa hawana pengine pa kwenda. Usiku ndio muda rahisi wa kusafiri, watu wamelala. Tena tangazo lenye majina sita ya visiwa linavutia macho kuliko lenye mawili. Biashara nawaachia wenyewe. Lakini angalieni saa zile tano zinavyotufanya sisi abiria tuishi. Tunaogopa kuachwa. Kila siku tunaambiwa kwamba ziara iliyokatwa melini ikichelewa, meli itaisubiri, na anayetembea kwa mpango wake asisubiriwe. Basi wengi wanakata ziara melini, wanapandishwa basi mbele ya meli, wanarudishwa melini, na dereva wa teksi aliyesimama nje ya geti tangu alfajiri anaondoka mikono mitupu. Ikifika saa 6 mchana, nusu ya walioshuka wanarudi melini kula, kwa kuwa chakula kimeshalipiwa. Niliwaona kwa macho yangu wakiipita migahawa miwili yenye meza wazi na bahari mbele yake, wakienda kupanga foleni kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Siwalaumu. Mtu mwenye saa tano hathubutu kukaa mahali akasubiri sahani.

Mgeni anayelala anaishi vinginevyo. Anakula chakula cha jioni, maana ana jioni. Asubuhi anamrudia yuleyule muuza matunda wa jana. Akipotea njia haogopi. Fedha yake inafika mbali na gati, mtaa wa tatu na wa nne, mahali ambapo abiria wa saa tano hafiki kamwe.

Liko pia suala la wingi, na hapa nazungumza zaidi na ninyi wenye bandari. Meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari za abiria Januari 2024, ina urefu wa mita 365 hivi, inaweza kubeba abiria wapatao 7,600, na wafanyakazi wake ni 2,350. Karibu watu elfu kumi katika chombo kimoja. Meli tatu za nusu ya ukubwa huo zikifunga gati siku moja kwenye mji mdogo, asubuhi mji haupitiki na jioni umekuwa mtupu, kesho yake hivyohivyo. Wakazi wanaubeba mzigo wa umati bila kupata wageni wenyewe, maana mgeni ni mtu unayeweza kumjua jina.

Msiniambie kwamba hamna uwezo wa kuamua. Visiwa vya Galápagos, vya nchi ya Ekwado, vimeamua zamani: meli haibebi watalii zaidi ya 100, kundi la watu 16 kwa mwongozaji mmoja aliyeidhinishwa na hifadhi ya taifa ya huko, njia ya meli inapangwa na hifadhi yenyewe, na meli hairuhusiwi kurudi eneo lilelile ndani ya wiki mbili. Ada ya kuingia kwa wageni wengi kutoka nje ilipandishwa Agosti 2024 kutoka dola 100 hadi 200, na watu bado wanakwenda. Bora Bora, kisiwa cha Polinesia ya Kifaransa, imeweka kikomo cha abiria 1,200 kwa siku. Venice, ambayo pia ni mji wa visiwa ingawa bahari yake si ya joto, ilizifungia meli kubwa kupita kwenye mfereji wa Giudecca kuanzia Agosti 2021. Katika visiwa vya Cayman, ambako abiria hushushwa kwa boti kwa sababu gati la meli hizo halipo, wananchi waliulizwa kwa kura Aprili 2025 kama lijengwe, wakasema hapana. Kisa kinachoniuma ni cha Key West, mji wa kisiwani katika jimbo la Florida, Marekani. Novemba 2020 wakazi walipiga kura meli kubwa zipunguzwe na wanaoshuka wasizidi 1,500 kwa siku. Mwaka uliofuata jimbo hilo likapitisha sheria iliyoifuta kura yao. Wenye kisiwa walisema, na waliosikilizwa walikuwa wengine.

Wala msidhani udogo wa meli peke yake unatosha. Machi 2017 meli ya Caledonian Sky, chombo cha mita 90 tu chenye watalii 102, ilikwama juu ya matumbawe ya Raja Ampat, Indonesia, maji yakiwa yamepwa, baada ya abiria wake kwenda kutazama ndege kisiwani Waigeo. Ikavutwa kwa boti ya kukokota, na uharibifu ukaongezeka. Eneo lililosagika lilikadiriwa kuwa zaidi ya mita za mraba 13,000. Yale matumbawe mazito ya mviringo hukua chini ya sentimita mbili kwa mwaka, kwa hiyo bonge la mita moja ni kazi ya miongo mingi. Anayetaka kuingiza meli mahali kama hapo apewe rubani wa pale pale na sehemu maalumu za kufunga, asitie nanga anapopaona pazuri. Na apewe muda wa kuyasubiri maji. Watu wa visiwani hawajawahi kushindana na maji kupwa na kujaa, huyasubiri tu. Ratiba ya saa tano haijui kusubiri.

Kuna watu wa hesabu katika ofisi zenu watakaosema kulala bandarini ni gharama. Nawaomba wafanye hesabu ya mafuta pia. Nguvu ya kusukuma meli haipandi sawasawa na mwendo. Ukiongeza mwendo maradufu unahitaji nguvu karibu mara nane. Visiwa sita kwa wiki maana yake ni kukimbia kila usiku. Visiwa viwili maana yake ni kwenda taratibu na kusimama. Kweli, meli iliyosimama nayo inaendelea kuchoma mafuta kwa ajili ya taa, viyoyozi na majiko, na moshi wake ukapulizwa madirishani mwa watu wa bandarini. Dawa yake ipo tangu 2001, pale Juneau, Alaska, meli za kitalii zilipoanza kuunganishwa na umeme wa nchi kavu. Visiwa vingi vidogo havina umeme wa kutosha kwa hilo. Basi kampuni zinazotaka kulala hapo zichangie kuujenga, na umeme huo ubaki kwa wenyeji meli zikiondoka.

Sasa niseme juu ya kijana aliyekuwa akihudumia kabini yangu. Kila jioni nilikuta kitanda kimetandikwa na taulo limekunjwa umbo la mnyama, siku moja tembo, siku moja kobe. Usiku ule wa kisiwa cha tatu alinikuta nimekaa kimya, akaniuliza kama naumwa. Nikamsimulia habari ya mzee na mashua. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mashuka mikononi, kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Huko kisiwani kukoje, boss?"

Alikuwa amekipita kisiwa kile kila wiki kwa miezi minane. Alikijua kutoka kwenye dirisha la duara la korido ya wafanyakazi. Zamu yake ya mchana ilianza wakati sisi tunashuka, kwa sababu kabini husafishwa abiria wakiwa nje, na mapumziko yake hayakutosha kwenda hata mwisho wa gati na kurudi.

Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unataka baharia apate angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Unataka pia apewe ruhusa ya kushuka nchi kavu kwa ajili ya afya yake, kadiri kazi inavyoruhusu. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayomfungia kijana yule ndani, maana katika ratiba ya saa tano kazi hairuhusu kamwe. Meli ikilala, zamu zinapishana, na aliyefanya kazi mchana anaweza kwenda kutembea jioni kama binadamu mwingine. Nililipa pesa nyingi ili nivione visiwa vile. Sikulipa ili mwenzangu avikose kwa miezi minane.

Bahari yenyewe nayo. Chini ya kanuni za kimataifa, maji ya vyoo yasiyosafishwa yanaruhusiwa kumwagwa meli ikiwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, na yaliyosagwa na kuuliwa vijidudu kuanzia maili 3. Maji ya bafu, sinki na dobi hayana kanuni ya dunia nzima. Na hata penye kanuni, macho ya watu ndiyo yanayozilinda. Mwaka 2013 mhandisi mgeni kazini aligundua bomba la siri la kumwagia maji yenye mafuta kwenye meli ya Caribbean Princess, akaripoti kwa mamlaka za Uingereza. Desemba 2016 kampuni ya meli hiyo, Princess Cruise Lines, ilikubali kukiri makosa nchini Marekani na kulipa dola milioni 40. Mtu mmoja alisema, ndipo tukajua. Mimi nataka kila abiria, siku ya mwisho, apewe karatasi inayosema meli imemwaga nini, kiasi gani na wapi, pamoja na ile bili ya vinywaji inayosukumwa chini ya mlango. Nyingi ya hesabu hizo mnazo. Kumbukumbu za umwagaji wa mafuta na taka zinaandikwa melini kwa lazima.

Nimesikia jibu ambalo baadhi yenu mmelipenda: kununua au kukodi visiwa vyenu wenyewe. Jambo hilo si la leo. Great Stirrup Cay, katika visiwa vya Bahama, inatumiwa na kampuni ya meli ya Norwegian tangu 1977, na Castaway Cay ilianza kupokea meli za Disney mwaka 1998. Siku hizi fukwe za namna hiyo zinaongezeka, na zinaingizwa kwenye ratiba mahali palipokuwa na bandari ya watu. Mchanga wake ni safi, maji ni yaleyale ya buluu, na watoto wanafurahi, sikatai. Lakini kinywaji unachokinunua pale kinaingia kwenye akaunti ileile ya kabini, na hakuna fundi wa mashua wa kukusogezea gogo. Kwa serikali za visiwa nasema hivi: kila mnapotoa ufuo mmoja kwa mkataba wa namna hiyo, ulizeni ni siku ngapi za meli mji wenu utapoteza, na jibu liandikwe kwenye mkataba.

Mna nguvu nyingine ambayo hamuitumii, nayo ni ada. Meksiko ilianza Julai 2025 kutoza dola 5 kwa kila abiria wa meli. Linganisheni na zile 200 za Galápagos. Kisiwa kimoja kikipandisha ada, meli inaweza kugeuza usukani ikaenda cha jirani, na kila mtu anaogopa hilo. Basi jirani zungumzeni kwanza. Kubalianeni ada moja, iwe ya maana, kisha muipunguze kwa meli inayolala: anayekuja saa 2 na kuondoka saa 11 alipe kamili, anayelala usiku mmoja alipe nusu, anayelala miwili alipe robo. Hapo watu wa hesabu wataona faida ya kuiacha meli gatini, na kibali cha kuja meli mbili siku moja kitakuwa kigumu chenyewe kwa sababu nafasi itakuwa imeshikwa.

Nanyi wenye meli, siombi mgeuze kila kitu kwa mwaka mmoja. Nawaomba mtangaze ratiba moja tu msimu ujao. Siku saba, visiwa viwili, usiku tatu katika kila kimoja na usiku mmoja wa njiani. Kasino ikae imefungwa usiku wote huo. Wafanyakazi wawe na zamu za kushuka, zimeandikwa ukutani ambapo abiria anaweza kuzisoma. Ziara ziuzwe na watu wa kisiwa, gatini, kwa bei yao. Andikeni kwenye tangazo kwa herufi kubwa kwamba meli italala, msiifiche kama kasoro. Ikiwa mtakosa abiria, mtakuwa mmepoteza safari moja.

Tiketi yangu mniwekee staha yoyote, hata isiyo na dirisha. Nimeshaanza tena kudunduliza.

Wenu,
Abiria wa safari ya siku saba